Bei Yangu ya Viazi Ilivujia Wapi?

Msimu uliopita dalali mmoja alinikuta Isongole, manyunyu yakitulowesha wote wawili, akaniambia, "Dada, tusichoshane. Sabini na mbili unatoa." Alimaanisha gunia la viazi kwa 72,000. Nilibaki namtazama. Bei hiyo ya mwisho nilikuwa nimemwandikia mtu mmoja tu, kaka yangu anayepokea mzigo Mabibo, Dar es Salaam, na nilimwandikia usiku kwa WhatsApp.

Nikaanza kumshuku kaka. (Kaka, nilishakuomba radhi, naomba tena.) Kisha nikaishuku programu yenyewe, nikahamia Telegram kwa sababu kijana wa jirani aliniapia kwamba siri zote ziko huko. Nilikaa wiki tatu najiona mjanja. Siku moja nimeingia kwenye mipangilio ya WhatsApp kutafuta jambo jingine kabisa, nikafungua sehemu ya vifaa vilivyounganishwa, yaani vifaa vingine vinavyosoma ujumbe wako pamoja na simu yako, nikakuta kompyuta. Mimi sina kompyuta. Kompyuta pekee iliyowahi kukaa karibu na simu yangu ni ya fundi mmoja pale Mwanjelwa, Mbeya, niliyempelekea simu abadilishe kioo, nikamwachia na namba ya siri ya kufungulia, nikaenda zangu kuchagua kitenge. Baadaye nikaja kujua kwamba yeye na yule dalali wanakunywa chai kibanda kimoja.

Kwa hiyo mtu akiniuliza leo programu ipi ya kuchati ni salama, namrudishia swali: nakala za maneno yako ziko kwa nani?

Chukua ujumbe wa kawaida wa simu, SMS. Haufumbwi mwisho hadi mwisho, yaani haufungwi kwa namna ambayo ni wewe na unayemwandikia tu mnaoweza kuusoma. Unapita kwenye mitambo ya kampuni ya simu ukiwa unasomeka, na laini yenyewe umeisajili kwa alama za vidole. Kwa salamu na "nimefika Uyole" hakuna neno. WhatsApp ni tofauti: tangu mwaka 2016 ujumbe wote hufumbwa kwenye simu yako na kufumbuliwa kwenye simu ya unayemwandikia, na wenye mitambo katikati hawausomi. Huko Telegram nilikokimbilia, mazungumzo ya kawaida hukaa kwenye mitambo yao, na funguo wanazo wao. Yapo mazungumzo ya siri yanayofumbwa mwisho hadi mwisho, lakini lazima uyafungue mwenyewe kwa kila mtu, na kwenye makundi hayapo kabisa. Yaani nilitoka kwenye nyumba yenye kufuli nikahamia kwenye nyumba yenye pazia zuri. Telegram bado ninayo, kwa ajili ya chaneli za habari za mazao. Bei siandiki humo.

Lakini hata kufuli la WhatsApp lina mlango wa uani. Kaka aliponunua simu mpya, mazungumzo yetu yote yalirudi yenyewe, hadi picha za msiba wa bibi. Tulifurahi, halafu nikajiuliza, yalikuwa yamelala wapi siku zote? Yalikuwa Google Drive, ghala la mtandaoni la Google, kwenye nakala ambayo usipoigusa haina kufuli lile la mwisho hadi mwisho. Tangu 2021 unaweza kuifunga kwa nenosiri lako mwenyewe. Ukilisahau umeumia, maana hata WhatsApp hawawezi kukufungulia. La kwangu nimeliandika mahali. Sisemi wapi. Na mwenzako naye asipofunga nakala yake, maneno yako yako wazi upande wake, kwa hiyo ilibidi nimsumbue na kaka.

Kuna jambo jingine ambalo kwa muuza viazi kama mimi halininyimi usingizi: WhatsApp ni mali ya Meta, kampuni yenye Facebook, na hata wasiposoma ulichoandika, wanaweza kujua unawasiliana na nani na saa ngapi. Ila nina shoga yangu muuguzi, watu humwandikia kuhusu majibu ya vipimo vyao. Kwake hata jina la aliyeandika ni siri ya mgonjwa. Yeye nilimwambia aweke Signal, programu nyingine ya kuchati inayofumba ujumbe wote mwisho hadi mwisho. Inaendeshwa na taasisi isiyogawana faida, na mwaka 2016 mahakama moja ya Marekani ilipowaamuru watoe taarifa za mteja, walichokuwa nacho kilikuwa siku akaunti ilipofunguliwa na siku ya mwisho kuingia mtandaoni. Tangu 2024 unaweza pia kumpa mtu jina la kutumia badala ya namba, ingawa kujisajili bado kunataka namba.

Shida ya Signal huku kwetu ni upweke. Nilipoifungua, kati ya majina zaidi ya mia tatu kwenye simu yangu niliwakuta saba, mmoja wao mtu anayenidai. Kikundi chetu cha VICOBA, cha kuweka akiba na kukopeshana, hakitahama, akina mama wameshazoea WhatsApp, na mimi sitawahubiria. Bei na mambo ya familia tunaandikiana Signal na kaka, tumeweka ujumbe ujifute baada ya wiki moja. Haizuii mtu kupiga picha kioo chake, lakini fundi mwingine atakuta patupu.

Kwa VICOBA nilisisitiza mawili tu: kila mtu aweke PIN ya hatua mbili, yaani namba ya siri ya ziada ya WhatsApp, na ile namba ya tarakimu sita ya kufungulia akaunti inayokuja kwa SMS asipewe mtu, hata anayejitambulisha kuwa mweka hazina. Anayeipata ndiye atakayeliandikia kundi "ile hela tuma kwenye namba hii" akiwa na picha yako usoni.

Simu ikiharibika siku hizi nakaa hapohapo kwenye benchi la fundi, ninaifungua mwenyewe akitaka kuijaribu, na nikifika nyumbani naangalia vifaa vilivyounganishwa kabla sijaweka chai jikoni. Kitenge kinasubiri.

Aliyebaki ni baba mdogo, ambaye shamba lake limepakana na langu na tunauza mzigo pamoja. Ana kitochi, na hataki kusikia habari ya simu ya kupapasa. Bei yake nampelekea kwa miguu, na bado huniuliza kwa sauti inayosikika hadi barabarani, "Umesema ngapi?"