Hoteli ndiyo, ila ya chakula

Mdogo wangu, ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, dakika zote sita. Mtaani wanasema dada yako yuko Ulaya, ana makaratasi, anafanya kazi hotelini, ila roho imekuwa ngumu, hata simu hapigi. Na wewe unataka nikutafutie "njia". Haya. Leo sina zamu, nakujibu hadharani ili na wanaokutuma wasome.

Hoteli ndiyo, ila ya chakula. Naosha vyombo kwenye mgahawa wa Wauyghur, Waislamu wa magharibi mwa China, hapa Zeytinburnu, jijini Istanbul, Uturuki. Masufuria ya polo, pilau yao ya karoti na nyama ya kondoo, ukiyasimamisha yananifika kiunoni. Ulaya nayo ni kweli kwa ramani tu: upande huu wa jiji ndio wa Ulaya. Ungeiona mikono yangu usingeniomba simu.

Baridi na kodi umeshavisikia, naviruka. Makaratasi ndiyo yanayoniuma. Kibali cha kukaa wanakiita ikamet. Nilipata cha mwaka mmoja kwa kigezo cha utalii. Nilipoomba tena nikakataliwa. Julai 2022 mitaa 1,169 nchi nzima ilifungwa, mgeni mpya haandikishwi, kwa sababu wageni walikuwa wamezidi asilimia 20 ya wakazi. Wilaya ya Fatih, hapa hapa Istanbul, walikojazana Waafrika, nayo ilifungwa. Kwa hiyo natembea nikiangalia kona. Mshahara ukichelewa sina pa kushtaki. Nikitoka nchini, kurudi siwezi. Ndiyo maana sikuja kwenye msiba wa babu. Sasa mnajua.

Nafanya kazi na mama mmoja anayevuta tambi za laghman kwa mkono. Kwao dada mkubwa anaitwa "acha", nami namwita hivyo hivyo. Siku moja Mtanzania alikuja kula, akanisikia jikoni napiga kelele "Acha! Acha!", akainuka kuja kuamulia ugomvi. Jina halisi la Acha siliandiki, ana mama mzee kule kwao.

Kule ni Uqturpan, wilaya ya milimani magharibi kabisa mwa China, mpakani na Kirgizstan. Huwa ananichorea kwenye unga juu ya meza: milima ya Tian Shan huku na huku, bonde katikati, na mto Toshkan, yaani sungura. Mto unatoka Kirgizstan, unaingia Aksu, halafu Tarim, kisha unafia jangwani. Mimi mtoto wa Tanga, mto usiofika baharini ulinisumbua siku mbili. Bondeni wanalima Wauyghur, juu malishoni wako Wakirgizi na mifugo yao. Njia ya kuvukia mpaka ni Bedel, mita 4,284 juu ya bahari. Mwaka 1916 Wakirgizi waliokuwa wakikimbia majeshi ya mfalme wa Urusi walipita humo, wengi wakafia kwenye theluji. Mji wenyewe uliasi mwaka 1765. Majeshi ya Qing, ukoo wa kifalme uliotawala China, yakauzingira miezi kadhaa, wanaume wakauawa, wanawake na watoto wakahamishwa, wakaletwa watu wa miji mingine kuujaza. Acha anayasimulia haya huku anakanda, kama anasimulia ya juzi.

Pasipoti yake imekwisha muda. Wenzake wengi walioomba mpya waliambiwa watapewa karatasi ya safari moja tu, ya kurudi. Na tangu 2017, serikali ya China ilipoanza kuwapeleka Wauyghur kwenye makambi ya kuwafungia, kupokea simu ya nje tu kulitosha kukutia mashakani. Ndugu zake wakamfuta kwenye simu zao mmoja mmoja. Wa mwisho alikuwa mama yake.

Tarehe 22 Januari 2024, saa tatu usiku, saa yetu na yenu ni moja, tulikuwa tunafunga jiko. Kule ilikuwa saa nane usiku kwa saa ya Beijing, au saa sita kwa saa yao wenyewe, maana Wauyghur wana saa yao kama sisi tulivyo na ya Kiswahili. Tetemeko la ukubwa wa 7 likapiga Uqturpan, kwenye baridi ya kugandisha. Hadi Almaty, Kazakhstan, watu walikimbilia nje. Acha hakuwa na wa kumpigia. Alikaa juu ya gunia la vitunguu anatazama video za watu asiowajua, anasimamisha, anakuza, anatafuta ukuta wa kwao. Asubuhi akaja kuvuta tambi.

Mimi nina bando na mama anayepokea. Sipigi kwa sababu kila nikipiga ni bati, ada, mchango wa harusi. Usiku ule nilipiga. Mama akaniuliza mshahara umetoka?

Basi usije. Ukitaka kuja, omba Türkiye Bursları, ufadhili wa masomo wa serikali ya Uturuki, kuomba ni bure, na yeyote anayekudai hela ya kukuombea ni mwizi hata akiwa mjomba. Usije kwa viza ya matembezi. Ukija nayo hivyo hivyo, mimi ni dada yako, nitakupokea, godoro tutagawana. Niletee dagaa na pilipili za Mama Mkubwa. Lakini usije.

Hela ya bati nimetuma jana jioni. Mwambie mama aangalie simu.