Hesabu mtungi wa mafuta, iache sahani

Mhariri,

Swali lenu la wiki lilikuwa hili: mtu akishapunguza uzito, aendelee kuhesabu kalori miaka nenda miaka rudi, au aache? Jambo hili nimeishi nalo tangu 2019, kwa hiyo mtanivumilia nikiandika kwa urefu. Jibu langu ni kwamba aendelee. Ila aache kuhesabu kilichomo kwenye sahani yake, ahesabu kile kinachoingia nyumbani kutoka dukani.

Ninaishi Umoja hapa Nairobi, orofa ya nne, na kazi yangu ni kutunza hesabu za ghala moja kule Industrial Area. Januari 2019 nilikuwa na kilo 96 na magoti yaliyonilazimisha kupumzika kila orofa nikipanda ngazi. Nilinunua mizani ndogo ya jikoni, nikaweka programu ya kuhesabu kalori kwenye simu, nikajipa kikomo cha kalori 1,500 kwa siku. Machi 2020, wiki zile zile shule zilipofungwa kwa sababu ya korona, mizani ilisoma kilo 74. Kwa hiyo sitamsikiliza mtu anayesema kuhesabu hakufai. Mimi kulinitoa mbali.

Kwanza kulinifundisha kuona. Nilikuwa naamini chapati ndiyo adui wangu, kumbe chai ilikuwa inakaribia kumpiku. Kikombe kikubwa cha chai ya maziwa nusu kwa nusu, vijiko vitatu vya sukari, hukaribia kalori 140. Nilikuwa nakunywa vikombe vitatu kwa siku, na sikuwahi kuvihesabu kuwa chakula. Zaidi ya kalori 400 zilikuwa zinapita mdomoni kama maji. Na mafuta ndiyo yaliyonishtua kabisa. Mwishoni mwa karne ya 19 mwanakemia Mmarekani Wilbur Atwater alituachia vipimo ambavyo mpaka leo ndivyo vinavyotumika kwenye pakiti: gramu moja ya wanga ni kalori 4, ya protini 4, ya mafuta 9. Kijiko kimoja cha mezani cha mafuta ya kupikia ni kama kalori 120. Sasa fikiria mkono wa mpishi unaoinamisha mtungi juu ya sufuria bila kijiko, akiwa anaongea na mtu mlangoni. Mkono huo ulikuwa wangu.

Shida ilianza pale nilipofika nilikotaka kufika nikaendelea vile vile. Miaka miwili zaidi nilipima kila kitu. Mizani ile ilikaa juu ya meza kama mgeni asiyeondoka. Na chakula chetu hakikubali kupimwa kirahisi, hili wanaotengeneza programu za ng'ambo hawalijui. Chukua ugali. Gramu 200 za ugali mgumu wa mama mkwe wangu na gramu 200 za ugali laini ninaowapikia watoto si kitu kimoja hata kidogo, kwa sababu tofauti kubwa ni maji. Uji ndio zaidi. Githeri nayo: kijiko changu kilitoa maharagwe mengi au mahindi mengi? Nani alipakua kwanza, mafuta yakiwa bado juu? Nilipata nafuu nilipogundua jedwali la vyakula vya Kenya lililotolewa na Serikali pamoja na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, mwaka 2018, lenye vyakula ambavyo simu yangu ilikuwa haivijui. Lakini hata jedwali zuri haliwezi kujua sufuria yako imesongwa vipi. Nilikuwa naandika "kalori 437" kwa uhakika wa karani, na nambari ile ya mwisho ilikuwa ya kubuni.

Nikawa naalikwa, sili, mpaka watu wakachoka kunialika. Kwenye mazishi Murang'a nilikwenda na chakula changu kutoka nyumbani kwenye mkebe. Mama mkwe hakusema neno. Alinitazama tu, akaenda kumpakulia mwingine.

Kilichonisimamisha ni binti yangu. Alikuwa na miaka kumi, tumesimama kwa mama mboga pale chini ya nyumba, akachukua ndizi akauliza, "Mama, hii ni ngapi?" Mama mboga akajibu, "Shilingi kumi, mrembo." Mtoto akatikisa kichwa: "Siulizi bei. Nauliza kalori." Nilikuwa na mfuko wa nyanya mkononi na nikakosa la kusema. Mtoto wa miaka kumi, anayekua, anayeruka kamba jioni nzima, anaogopa ndizi. Usiku huo nilifuta programu na mizani nikamgawia jirani anayeoka keki. Sijajutia kufanya hivyo hata siku moja.

Ila nilichofanya baadaye ni kosa, na ndipo napingana na wasomaji watakaowaandikia kwamba mtu aache tu na "ausikilize mwili". Niliusikiliza mwili miezi minane. Mwanzoni mwa 2023 nilikuwa na kilo 81. Sikuwa nimekula kwa fujo. Nilikuwa nakula kama watu wengine wa nyumba yangu.

Sababu haina uchawi. Mwili wa kilo 74 ni mdogo kuliko wa kilo 96, na unatumia kidogo. Kwa mtu kama mimi, anayekaa ofisini na kutembea kidogo, tofauti hiyo ni kama kalori 300 kwa siku. Hiyo ni chapati moja, kila siku, ambayo zamani mwili uliichoma na sasa hauna kazi nayo. Na kwa waliopungua sana kwa haraka mambo huwa magumu zaidi. Mwaka 2016 Kevin Hall na wenzake huko Marekani walitoa matokeo ya watu 14 walioshindana kupunguza uzito kwenye kipindi cha televisheni. Miaka sita baadaye miili yao ilikuwa bado inatumia karibu kalori 500 kwa siku pungufu ya ilivyotarajiwa kwa ukubwa wao, na wengi wao walikuwa wamerudisha uzito mwingi. Njaa nayo huwa haijasahau ulikotoka. Kwa hiyo anayekuambia mwili utajirekebisha wenyewe anakuambia jambo ambalo mwili wako hauna nia ya kulifanya.

Basi nikawa katikati. Siwezi kuhesabu, siwezi kuacha.

Jibu lilitoka kwa mwenye duka. Jumamosi moja nilimwomba mtungi wa mafuta wa lita 3, akasema, "Mama Wambui, si juzi tu ulichukua mwingine?" Nikadhani amekosea. Nilipofika nyumbani nikafungua ujumbe wa M-Pesa wa miezi mitatu, nikakaa na kalamu. Ilikuwa kweli. Mtungi mmoja kila wiki mbili. Sukari, kilo mbili kila wiki. Na hapo nikaona ninachofanya ghalani kila siku ya Mungu: shehena ya mwanzo, ongeza iliyonunuliwa, toa iliyobaki, unapata iliyotumika. Sihitaji kumfuata mfanyakazi nione ametumia misumari mingapi. Nahesabu maboksi.

Nyumbani tuko watano: mimi, mume wangu, watoto wawili na mama mkwe anayekaa nasi sehemu kubwa ya mwaka. Lita moja ya mafuta ina kalori kama 8,300. Mtungi wa lita 3 ukiisha kwa siku 14, kila mtu amekula kama kalori 355 za mafuta matupu kwa siku, kabla hujahesabu nyama, maziwa wala parachichi. Mtungi huo huo ukikaa siku 28, inakuwa 177. Tofauti yake ni zaidi ya nusu ya ile chapati yangu, na hakuna aliyeshika mizani mezani. Sukari kilo mbili kwa wiki ni gramu 57 kwa kila mtu kwa siku. Kilo moja ni kama gramu 29, na hapo tunakaribia gramu 25 ambazo Shirika la Afya Duniani mwaka 2015 lilipendekeza kuwa afadhali mtu asizipite.

Hivi ndivyo ninavyofanya. Nikifungua mtungi, naandika tarehe ubavuni kwa kalamu ya wino mzito. Pakiti ya sukari, vivyo hivyo. Unga pia, na huu napenda kuueleza kwa sababu ndio unaomaliza ule ugomvi wa ugali mgumu na laini: gramu 100 za unga mkavu ni kama kalori 360, uupike uji, uusonge, uufanye utakavyo. Maji hayana kalori. Pakiti ya kilo 2 ni kalori 7,200, na najua kwetu inatakiwa ikae siku ngapi. Ikiisha mapema, najua kabla nguo hazijanibana.

Kupunguza mafuta jikoni kulihitaji mazungumzo. Wiki ya kwanza nilikaanga sukuma kwa kijiko kimoja na mume wangu akasema, kwa upole, "Mama Wambui, hii imekaukiwa." Alikuwa na haki. Sasa naweka vijiko viwili kwa sufuria nzima, vitunguu naviivisha polepole na sufuria imefunikwa, nyanya naongeza mara mbili, na sukuma inabaki na mchuzi wake. Maharagwe na ndengu zikichemka mpaka zikalainika zinajitengenezea uzito wa mchuzi. Chapati ni Jumapili. Viazi karai na samaki wa kuzamisha kwenye mafuta ni siku za wageni. Mama mkwe, ambaye amepika kwa moto wa kuni miaka hamsini, ndiye aliyenionyesha kwamba mukimo mzuri haukuwahi kuhitaji mafuta mengi. Nilifurahi sana siku hiyo, kwa sababu nyingine ambazo mnazielewa.

Najua mtakaloniuliza: na vya barabarani? Mandazi ya asubuhi kwenye stendi, smokie, chipsi za jioni mvua ikinyesha na matatu hayasogei? Kweli, hayo hayaingii kwenye mtungi wangu. Nina njia mbili. Chakula cha mchana nimekifanya kuwa kimoja: kibandani nakula ndengu au githeri na sukuma, nusu sahani ya wanga, siku tano kwa wiki, na mama wa pale hata haniulizi tena. Kitu kisichobadilika hakihitaji kuhesabiwa kila siku. Njia ya pili ni mizani ya mwili. Jumamosi asubuhi, kabla ya chai, napanda. Kilo moja juu, kilo moja chini, sijali, ni maji na chumvi na siku za mwezi. Lakini nimeweka mpaka kwenye 77. Nikiuvuka, nachukua daftari na wiki mbili naandika kila kinachoingia mdomoni, kama zamani, kisha nalifunga. Tangu 2023 nimelifungua mara mbili tu. Zote mbili kosa lilikuwa chai za ofisini.

Kwa njia hiyo nilirudi 75 kabla ya mwaka 2023 kuisha, na hapo ndipo ninapokaa.

Naomba niseme jambo kwa wale ambao hesabu imekuwa ugonjwa. Kama unakosa usingizi kwa sababu ya kipande cha keki ya arusi, kama unajitapisha, kama unaficha unavyokula au usivyokula, ushauri wangu wote huu usiuguse, hata wa mtungi. Zungumza na daktari au mshauri, na mapema. Na mwenye kisukari anayetumia insulini anahesabu wanga kwa sababu nyingine kabisa, aliyopangiwa kliniki. Asiache kwa kusoma barua yangu.

Wengine wenu nyumba zenu hazinunui mtungi, mnanunua mafuta ya kupima, ya shilingi thelathini, ya hamsini. Nilikua hivyo, na nawaambia kwenu ni rahisi zaidi kuliko kwangu, kwa sababu kila siku kipimo kinapita machoni penu. Chukueni kipimo kile kile, kisha mtazame kinatosha mapishi mangapi.

Binti yangu sasa yuko sekondari. Anakula ndizi. Mwezi uliopita alichukua ile kalamu ya wino mzito akaandika mwenyewe tarehe kwenye mtungi, kwa sababu nilikuwa nimechelewa kazini na yeye ndiye aliyekuwa anapika. Aliandika tarehe 3. Leo ni tarehe 19 na mafuta yako chini kidogo ya nusu, na Jumapili tuna wageni kumi kutoka Murang'a wanaotaka chapati. Mtungi hautafika siku 28 safari hii. Nitafungua mwingine na kuandika tarehe yake.

Mama Wambui, Umoja