Endometriosisi: nikibana misuli maumivu yanazidi, nakosea wapi?

Swali: Nipo Mtwara, kazi yangu ni kubangua korosho, nakaa chini kutwa. Daktari amethibitisha nina endometriosisi. Nimeanza mazoezi ya kubana misuli ya uke niliyoyaona mtandaoni, lakini kinena kinauma zaidi na tendo la ndoa limekuwa adhabu.

Jibu: Pole sana dada. Acha kubana kuanzia leo. Mazoezi hayo humfaa mwenye misuli iliyolegea. Katika endometriosisi, tishu inayofanana na utando wa ndani wa mji wa mimba huota nje yake, na maumivu ya muda mrefu mara nyingi huifanya misuli ya chini ya nyonga ijikaze yenyewe. Ukiibana tena, unaitonesha. Yako, kwa dalili ulizotaja, inahitaji kufundishwa kulegea.

Anza na pumzi. Lala chali mkekani, kunja magoti, mkono mmoja tumboni. Vuta hewa puani ukihesabu hadi 4, tumbo lipande, usikie sehemu iliyo kati ya uke na njia ya haja kubwa ikishuka kidogo. Toa taratibu ukihesabu hadi 6. Fanya dakika 5 asubuhi na usiku. Wengi hukosea hapa: husukuma kama wako chooni. Usisukume, acha ishuke yenyewe.

Kisha mikao miwili ya yoga. Piga magoti kama unayesujudu, ila yapanue, matako yakae visiginoni, kifua kilalie mto. Pumua mara 10. Halafu lala chali, nyayo zigusane, magoti yaegemee kanga zilizokunjwa pande zote mbili, dakika 3. Bila egemeo mapaja hujikaza kuzuia miguu isianguke, na hapo hujalegeza kitu.

Kazini inuka kila nusu saa, utembee kidogo. Jioni jua likipoa, tembea dakika 20. Hedhi ikiwa kali, baki na pumzi tu, pamoja na chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa chini ya kitovu, dakika 15, usisinzie nayo. Maumivu yakiwa juu zaidi kesho yake, punguza mazoezi nusu.

Dawa za daktari usiache, kwani mazoezi hupunguza maumivu, hayaondoi ugonjwa. Ukipata homa, ukizimia, pedi ikilowa ndani ya saa moja, au hedhi ikichelewa kisha maumivu yakaja ghafla, nenda Hospitali ya Ligula hapo Mtwara saa hiyo hiyo.