Msusi wa Umoja anauliza: wale wa kuacha pombe hukutana wapi?

*Shangazi, salamu. Nina miaka 38, ni msusi, saluni yangu iko Umoja, Nairobi. Nakunywa kila siku. Kota moja, ile chupa ndogo ya pombe kali, imekuwa mbili, na asubuhi nisipotoa loki, yaani nisipokunywa kidogo, mkono unatetemeka hadi siwezi kugawanya nywele za mteja. Dada yangu, ambaye tunaishi pamoja, amesikia kuna watu hukutana wakasaidiana kuacha pombe, lakini hajui ni wapi. Nitawapata vipi? Wanalipisha? Wanaandika majina? Nasikia ni kanisani, na mimi na kanisa tuliachana zamani. Tena hapa mtaani kila mtu ni mteja wangu. – Msusi*

Mwanangu, huo mkono naujua. Nilikuwa mwalimu, na chaki ilinisema kabla pumzi haijanisema. Kwa hiyo kabla ya mkutano, tupitie hospitali. Usiache ghafla, peke yako, nyumbani. Mwili uliozoea pombe kila siku ukinyimwa kwa mpigo unaweza kupata degedege ndani ya siku mbili za kwanza. Wengine, kati ya siku ya pili na ya nne, huchanganyikiwa, wakatokwa jasho na kuona vitu visivyokuwepo. Watu hufa hivyo. Dada yako akiona dalili hizo asingoje kukuche, akukimbize hospitali. Mama Lucy haiko mbali na wewe. Mwambie daktari kiasi chote unachokunywa, usifiche hata kota moja kwa aibu, maana zipo dawa za kukuvusha siku hizo.

Sasa mkutano. Hao dada yako aliosikia habari zao huenda ni AA, Alcoholics Anonymous. Piga 1192, laini isiyo na malipo ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, uulize mikutano ya Nairobi. Kwenye intaneti pia utapata ratiba, ila usiiamini kabla ya kupiga simu, kwa sababu vikundi huhama ukumbi na ratiba ikabaki ilivyokuwa.

Hilo nalijua kwa hasara. Mara yangu ya kwanza nilifika kwenye ukumbi wa kanisa mjini, nikaona watu kama kumi na watano kwenye viti vya plastiki, nikaketi karibu na mlango. Nikakaribishwa vizuri sana. Baada ya nusu saa mwenyekiti akaanza kuuliza nani atasimamia hema na nani keki. Ilikuwa kamati ya harusi! Niliona haya kutoka, nikaahidi shilingi mia tano, nikazitoa papo hapo. Bwana na bibi harusi siwajui mpaka leo. Wenzangu walikuwa chumba cha nyuma, na mlangoni hapakuwa na kibao. Wewe muulize mlinzi, "AA ni wapi?" Atakuonyesha kwa kidole tu, hatakuuliza kitu.

Kuhusu kanisa: ukumbi ni wa kanisa, AA si ya kanisa lolote. Lakini sikudanganyi, Mungu hutajwa katika zile hatua 12 ambazo wana-AA huzifuata ili kuacha pombe, "kwa jinsi tunavyomwelewa", na wengine humwelewa kwa sauti kubwa. Vumilia. Ada hakuna. Kuna kikapu huzungushwa, na wiki za mwanzo mimi nilikipitisha kwa jirani bila kutia kitu. Daftari la majina hakuna pia. Utasema jina la kwanza, na hata ukijiita Akinyi na wewe ni Wanjiku, hakuna atakayekudai kitambulisho. Wanachotaka uwe nacho ni nia ya kuacha kunywa, basi. Ukiambiwa mkutano ni wa wazi, jua hata dada yako anaweza kukusindikiza. Ile mingine ni yetu wenyewe.

Kuogopa wateja kusikufanye utafute mkutano wa mbali sana. Unaohitaji matatu mbili utauacha siku ya kwanza ya mvua. Nenda mjini, gari moja kutoka Umoja, na mteja ukimkuta humo, naye amekuja kwa lililokuleta. Jumamosi ndiyo siku yako ya vichwa vingi, kwa hiyo tafuta wa jioni ya katikati ya wiki. Ukiombwa kusema na huna la kusema, sema unapita. Kabla ya kutoka chukua nambari za wanawake wawili, na uzipige ukiwa bado hujanunua.

Na kuhusu mkono. AA ilianzia Akron, Marekani, mwaka 1935, kwa watu wawili, mmoja wao daktari mpasuaji, Bob. Asubuhi moja ya Juni alikuwa na mgonjwa wa kupasua na mkono haushikiki, mwenzake akampa chupa ya bia imtulize. Akapasua. Hiyo ndiyo ikawa ya mwisho maishani mwake. Sikupi ruhusa ya bia, nakwambia tu kwamba waliotutangulia walikuwa na mkono kama wako na wangu.

Dada yako naye ana wenzake, Al-Anon, kikundi cha jamaa za wanywaji. Aulize huko huko 1192. Na wewe niandikie baada ya hospitali, uniambie daktari alisemaje.