Pengo la mjomba wako

Mwanangu Zuhura,

Umeniuliza kama ujiunge na GERMS, hicho kikundi cha wanafunzi wa chuo chenu cha Georgetown, huko Marekani, kilichoanzishwa 1982, wanaoendesha ambulensi yao wenyewe, au zamu za usiku zitakushusha maksi. Meseji yako nimeisoma mara tatu. Kozi ya EMT, hiyo ya kuhudumia wagonjwa wa dharura, masaa kama 150, halafu usiku na redio ya upepo kiunoni, halafu asubuhi kemia. Haya. Lakini mi kilichonishika ni pale uliposema kesi nyingi za wikendi ni vijana waliolewa pombe, na wanafundishwa mapema kumlaza mtu ubavu ili matapishi yasimpalie. Kumlaza ubavu tu! Siku nzima neno hilo halijanitoka kichwani.

Pengo la mjomba Hamisi unalijua. Baiskeli, sio? Hapana mwanangu, ni mimi. Ilikuwa 1994, Ngamiani pale Tanga, uani kwa bibi yako, na baiskeli kweli ilikuwepo, alikuwa anaziba pancha, kifafa kikamkamata vidole bado vina solusheni, watu wakajaa, huyu analeta kitunguu anusishwe, yule anakandamiza miguu, mara mtu anapiga kelele mtieni kijiko asijing'ate ulimi. Mwenye kijiko nilikuwa mimi, nakoroga uji. Nikakisukumiza kwa nguvu zangu zote, nikasikia ka! Mpaka leo nikikoroga uji naisikia. Alipozinduka akatema damu na jino, akauliza nimefanyaje, bibi yako akawahi, umeanguka na baiskeli. Yeye hakumbuki kitu, anaamini hivyo mpaka leo.

Nilikuja kujua miaka mingi baadaye, kliniki nilipokuwa nakupeleka wewe, nesi anatuambia kina mama hakuna kumtia mtu kitu mdomoni, ulimi haumezwi, ondoa vya kumuumiza, mgeuze ubavu, angalia saa, zikipita dakika tano mkimbizeni hospitali. Hata dakika moja hakumaliza kuyasema.

Ndo maana kila siku nakwambia mapenzi bila ujuzi yanaumiza, na wewe unasema mama kaanza tena. Naanza tena. Hamisi ni mdogo wangu wa mwisho, nimembeba mgongoni, na jino nimelivunja kwa kumpenda.

Lakini na kemia je? Ukoo mzima tulichanga nauli ile ukasome. Halafu siku mtu akikufia mikononi, nawe una miaka 19, huko nani atakukalisha chini akupe chai? Nikifika hapo nasema asiende. Halafu nakumbuka uani kule tulikuwa watu kama ishirini na hakuna hata mmoja aliyejua.

Basi sikuamulii, mama. Nauma ulimi hapa. Ila hiyo kozi wakifika kwenye kifafa, sikiliza vizuri uniandikie wamesemaje, neno kwa neno.

Hamisi anakuja kula Ijumaa. Usimwambie wewe, nitamwambia mwenyewe.

Mama yako