Jibu: Madoa ya kijivu angani, ni lenzi au sensa?

Mkuu, umesema madoa yako palepale kila picha hata baada ya kubadilisha lenzi. Basi lenzi haina kosa, hilo ni vumbi kwenye sensa, yaani kile kibamba ndani ya kamera kinachopokea mwanga na kuunda picha.

Hakikisha hivi: weka f/22 (tundu dogo la lenzi) na ISO 100 (wepesi mdogo wa kunasa mwanga), elekeza kamera kwenye ukuta mweupe, vuruga fokasi makusudi, piga. Mkono ukitikisika si neno, doa halihami. Kwenye f/4, tundu likiwa kubwa, vumbi hilohilo karibu halionekani, kwa sababu mwanga unalifikia kutoka pembe nyingi na kivuli chake kinafifia. Ukibana tundu, kivuli kinakolea. Ndiyo maana unalalamikia picha za mandhari, ambazo kwa kawaida hupigwa kwa tundu dogo, lakini za harusi, za tundu kubwa, ziko safi.

Picha hutua kwenye sensa kichwa chini: doa la juu kushoto, vumbi lake liko chini kushoto ukiitazama sensa kwa mbele.

Anza na usafishaji wa kwenye menyu. Halafu pampu ya mpira, mdomo wa kamera ukielekea chini ili vumbi lidondoke, betri ikiwa imejaa. Tafadhali usipulize kwa mdomo, mate yakikauka pale ni balaa. Hewa ya kopo nayo hapana, hutema kemikali. Vumbi likigoma, tafuta vijiti maalumu vya saizi ya sensa yako na matone mawili ya dawa yake, upitishe mara moja kila upande.

Picha za zamani, safisha moja kwenye Lightroom (programu ya kuhariri picha) kisha nakili marekebisho kwa nyingine, ila kagua kila moja.