Fulana ya mistari ya Kongowea

SWALI: Salaam aleikum mhariri. Juzi soko la Kongowea nimeokota fulana ya mistari ya buluu na nyeupe, mitumba hivi, bei ya soda. Fundi wangu akaniambia hiyo ndiyo yunifomu ya kwanza kabisa ya nevi ya Ufaransa, eti mistari 21 ni vita alivyoshinda Napoleon. Nimehesabu yangu, ni 19! Nimeuziwa feki ama fundi ananipiga porojo? – Msomaji, Kisauni

JIBU: Waaleikum salaam ndugu yangu. Fundi wako kapatia nusu. Hiyo 21 ni kweli, imo kwenye amri ya 27 Machi 1858, mistari 21 myeupe na kila mmoja upana wake mara mbili ya ule wa buluu. Lakini hayo ya vita ni maneno ya barazani tu, na amri yenyewe ilitoka Napoleon III akiwa kwenye kiti, yule wa vita alishazikwa zamani.

Na ya kwanza pia siyo. Maofisa walipangiwa yao mwaka 1764, koti la buluu, kizibao na suruali ya magotini nyekundu, utepe wa dhahabu, yaani bwana harusi mtupu, na hata hapo Mwingereza kashawatangulia tangu 1748. Hiyo nyekundu ilileta maneno. Maofisa wa koo kubwa wakaitwa "wekundu", na wale waliochukuliwa kutoka meli za biashara kuja kusaidia wakaitwa "wabuluu", na ukiitwa hivyo ujue unadharauliwa. Watu na kujisikia, toka zamani!

Sasa baharia wa kawaida akae bila yunifomu miaka mingi zaidi, kwa nini? Kwa sababu tangu enzi za Colbert, waziri wa Louis XIV, wavuvi na mabaharia wa pwani waliandikwa daftarini wakawa wanaitwa kwa zamu, mtu anakuja na nguo zake za kuvulia samaki, zikichanika ananunua humo humo melini anakatwa mshahara. Nani amshonee mtu wa zamu?

Na hiyo fulana ilikuwa ya kuvaa ndani, juu lazima blauzi.

Yako ishike uangalie upana, kama buluu na nyeupe zimelingana hiyo ni ya dukani tu. Halafu hesabu mkono mmoja, amri ilisema nyeupe 15. Ukimaliza ndio umrudie fundi.